Pipa Halirudishwi Kavu

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa fundi wa ndege pale Gisenyi, mpakani mwa Rwanda, wanacheka kwanza, halafu wananiuliza: ndege gani? Ilikuwa moja. Ilikuwa ndogo na imezeeka, ina injini moja ya jeti pale puani inayozungusha pangaboi, na ilitua kwenye kiwanja chetu cha mjini ambako mbuzi walijiona wana haki sawa na rubani. Ilibeba dawa, jibini la Masisi, vipuri, na wale watu walioogopa barabara. Miaka ile ya mwisho wa tisini, kuogopa barabara ilikuwa dalili ya akili timamu. Milimani juu ya mji kulikuwa na waasi wenye bunduki, na gari lililoondoka asubuhi halikuwa na hakika ya kufika. Kampuni yenyewe ilikuwa na mwenye mali mmoja, rubani mmoja na fundi mmoja. Fundi nilikuwa mimi.

Nimengoja miaka mingi hasira yangu ipoe ndipo niandike. Haikupoa. Hasira hasara, wanasema, na mimi hasara yake nilishapata yote, kwa hiyo hasira yenyewe nabaki nayo. Ni mali yangu halali.

Nieleze kazi kwanza. Ndani ya injini ile kuna chumba cha moto, cha mviringo kama sufuria. Kukizunguka zimepangwa nozeli, vidude vya chuma vidogo kuliko kidole gumba, kila kimoja kina tundu kwenye ncha ambalo hata sindano ni nene kwake. Mafuta yanasukumwa humo kwa nguvu, yanatoka ukungu, ukungu unashika moto, na moto ukiwa sawa pande zote ndege inaruka na watu wanafika. Nozeli moja ikiziba nusu, haitoi ukungu tena. Inatoa mchirizi, kama mtoto anayekojolea ukuta. Pale mchirizi unapopiga, chuma kinaungua. Kikitoboka, moto unayafuata mapanga yanayozunguka nyuma yake, na hapo hakuna tena kazi ya fundi wala ya rubani. Inabaki kazi ya padri.

Ndiyo maana nozeli zinatolewa kila baada ya muda, zinaoshwa, zinapimwa, zinarudishwa. Kwenye ndege yenye afya hiyo ni kazi ya mara chache kwa mwaka. Kwetu, msimu ule wa mvua, ikawa kazi ya kila wiki.

Ilianza na mshale wa geji ya joto. Rubani akiwasha injini asubuhi, mshale ule badala ya kupanda na kutulia ulikuwa unaruka hadi kwenye nyekundu. Alizima, akanitazama kupitia kioo, akatikisa kichwa. Rubani wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na kichwa chake kilisema mengi kuliko mdomo. Nikatoa nozeli zote, nikazikuta zimevaa kofia za masizi magumu, meusi, yanayong'aa. Nikaziosha, zikapona. Baada ya safari chache tu mshale ukaruka tena. Nikaosha tena. Ukaruka tena.

Mwenye ndege tulimwita patron, kama alivyoitwa kila mtu mwenye ufunguo wa ofisi pale mjini. Alirudi nchini kutoka Bujumbura na viatu vizuri na Kifaransa kizuri, na alikuwa na tabia ya kuingia bandani kwangu bila salamu. Siku hiyo aliingia, akaziangalia nozeli zilizolala juu ya kitambaa, akachomoa pini kwenye karatasi alizoshika, akaninyooshea.

"Bon. Si utoboe tu na hii?"

Nilimwambia aitoe pini hiyo mbele ya macho yangu. Sikusema kwa adabu. Tundu la nozeli limechongwa kwa kipimo ambacho jicho halikioni. Ukiingiza pini umelipanua, na nozeli iliyopanuka ni ya kutupwa. Nilimweleza hayo yote kwa sauti iliyomfikia mlinzi wa getini, na mlinzi wa getini alikuwa mbali.

Patron alinisikiliza hadi mwisho huku akirudisha pini mahali pake.

"Donc, ni moja kati ya mawili," akasema. "Au wewe hujui kuosha, au kuna mtu anaharibu mafuta yangu."

"Kuosha najua."

"Basi kuna mtu. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukiniletea mtu huyo, nitamkabidhi kwa watu wa usalama, wao wanajua kuuliza. Usiponiletea mtu, mtu ni wewe."

Akatoka, bila kwaheri vilevile.

Kwa aliyekuwa mtoto siku zile, au hakuwepo, maneno hayo yanaweza kuonekana mepesi. Hayakuwa mepesi. Wakati ule mji wetu haukuwa na ajali. Gari likipinduka, yupo aliyelipindua. Ndege ikipata homa, yupo aliyeitia homa, na huyo lazima ana wenzake mlimani. Watu walichukuliwa kwa mambo madogo kuliko mafuta ya ndege, na jamaa zao walijifunza kutouliza kwa sauti. Kila mtu aliyeishi pale anajua ninachosema, na kila mtu alitembea akijua.

Na mimi, badala ya kuogopa, nilifurahi. Nilimtaka mtu huyo kuliko patron alivyomtaka. Mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa dawa ya kuoshea, kucha zimekuwa nyeusi, usingizini naota masizi. Nilijiambia kwamba popote alipo, huyo mwenye roho mbaya anayecheza na mafuta ya ndege inayobeba dawa za wagonjwa, nitamvuta mwenyewe kwa shati hadi kwa hao watu wa usalama.

Nilirudi mezani. Kila nozeli niliilaza kwenye dawa, nikaisugua kwa brashi laini, nikaisuuza, nikaikausha kwa upepo wa kompresa. Kisha kipimo. Unaifunga nozeli kwenye kistendi, ncha ikitazama chini, nyuma yake ubao uliopakwa rangi nyeusi ili ukungu uonekane. Unapampu kwa mkono polepole huku unaangalia geji. Nozeli nzima inafungua mwavuli wa ukungu, sawa pande zote, na ukiacha kupampu inakata papo hapo, hata tone halibaki mdomoni. Ukiuona mwavuli ule umenyooka, unasahau hata kama una njaa. Sikuzimaliza zote siku hiyo, kwa sababu mojawapo ilikataa kabisa kuachia masizi yake, na mimi kwa hasira nikaisogeza karibu na jiko la mkaa nione hiyo kofia imetengenezwa na nini.

Ilipopata moto ikatoa harufu. Nikafikiri ni njaa yangu mwenyewe, kwa sababu ilikuwa harufu ya maharage ya Jumapili.

Nilisimama pale nikinusa kama mbwa. Banda lilikuwa halina maharage, na hakuna aliyepika karibu. Nikanusa nozeli. Ilikuwa nozeli.

Kesho yake asubuhi na mapema, baridi ya milima ya volkano ikiwa bado imeukalia mji, nilichukua pipa moja la mafuta, nikafyonza yale ya chini kabisa, nikayapitisha kwenye ngozi laini ya kuchujia. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa: yanapita kwenye ngozi hiyo yakiwa meupe kama maji na hayaachi kitu. Haya yaliacha. Katikati ya ngozi palibaki duara la rangi ya chungwa, zito, linaloteleza kati ya vidole. Nikalionja kwa ncha ya ulimi. Mtu aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, hawezi kukosea. Yalikuwa mawese.

Mawese! Kwenye mafuta ya taa yanayeyuka, yanajificha, yanapita chujio la ndege kama msafiri mwenye vibali vyote. Yakifika kwenye ncha ya nozeli, penye moto, yanaganda na kuungua na kuwa lami. Nani mwehu wa kutia mawese kwenye mafuta ya ndege? Niliwafikiria wa bohari ya Goma tulikonunua. Nikawafikiria wa forodha, nikamfikiria hata mlinzi wetu wa getini, masikini, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kula sana. Kila mmoja nilimhukumu njiani, kwa sababu nilikuwa tayari natembea. Nilikuwa nakwenda nyumbani kumuuliza shangazi yangu nani anasogelea mapipa.

Hapa lazima nimweleze shangazi. Dada wa baba, kwetu anaitwa masenge, na mimi nilimwita hivyo: Masenge. Ndiye aliyenilea kule Goma, ndiye aliyenipeleka kwa mafundi wa uwanja wa ndege nilipokataa shule, na tuliporudi Rwanda, kila mtu akivuka mpaka na alichoweza kubeba kichwani, yeye aliacha sufuria zake zote akabeba sanduku langu la vyuma. Sufuria zinauzwa popote, alisema. Mimi nilibeba godoro. Mpaka leo watu wa mtaa wetu wanakumbuka mama mnene akipita kizuizini na sanduku la spana kichwani, akiwasalimia askari kama wakwe zake.

Nilipopata kazi kwenye ndege ile, nilimtafutia naye kazi. Mapipa matupu yalihitaji mtu wa kuyavusha kwenda Goma kujazwa na kuyarudisha. Masenge alivuka mpaka kila siku kwa biashara zake, alijua kila mtu, na alikuwa na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za Goma, wa kumsukumia. Mapipa matupu yalilala uani kwetu mpaka zamu yake ya kuvuka. Kila jioni nilisikia akiyabiringisha, gudu gudu gudu, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nilidhani anayaosha.

Siku hiyo nilifika mchana, saa ambayo sikuwahi kuwa nyumbani. Masenge alikuwa uani, kanga imefungwa kiunoni, anaimba wimbo wa kanisani. Jikoni palikuwa na kikaango, na ndani yake mawese yanayeyuka, mekundu, mazuri. Akachota kikombe kimoja, akakimimina kwenye tundu la pipa, akafunga kizibo, akalilaza, akaanza kulibiringisha kwa mguu. Gudu gudu gudu.

"Masenge! Unafanya nini?"

Akageuka, akafurahi kuniona. Hilo ndilo baya zaidi katika habari yote hii, kwamba alifurahi.

"Karibu, mutoto yangu! Leo umetoka mbio. Mi napaka mapipa yenu mafuta. Ona mvua hii ya kwetu, chuma inakula kutu mbio mbio. Tunapakaka mawese ndani, inazunguka pande zote, kutu haishiki."

"Tangu lini unapaka?"

"Tangu mvua ilianza! We unafikiri mi naweza rudishia mutu pipa mukavu? Ni haya. Hata sahani ya jirani hairudi bule, unatia kitu. Na haiko mawese ya kuchanganya hii, hapana. Hii ni ya muzuri kabisa, ya Beni. Ni ndege ya mutoto yangu."

Alikuwa anatumia mawese yake mwenyewe, yale aliyotuwekea ya kupikia. Nikakumbuka kwamba tangu mvua ianze tulikuwa tunakula maharage meupe, ya chumvi tu, na nilikuwa nimelalamika.

Kwa wafanyabiashara wa mpaka ule, jambo hilo ni la kawaida kabisa. Pipa la mtu ukikaa nalo, unalirudisha limepakwa, la sivyo utasemwa. Pipa la mawese, pipa la mafuta ya taa, pipa la maji ya kujengea, yote yanapakwa. Taa ya chumbani haijali mawese kidogo, inatoa moshi tu na unapunguza utambi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna taa nyingine inayoruka hewani na watu ndani. Nani angewaambia? Fundi ndiye angewaambia, na fundi alikuwa anasikia gudu gudu kila jioni akifikiri usafi.

Nilipiga teke pipa lile kwa nguvu zangu zote. Likagonga ukuta, kizibo kikaruka, mawese yakamwagika juu ya matope. Masenge alishika mdomo.

"Yewe! Una nini weye?"

Nilifungua kinywa nimwambie. Nilikuwa na maneno yote tayari: kwamba anaua watu, kwamba rubani ana watoto, kwamba ndege ingeanguka ziwani na mimi ndiye ningekuwa nimeitupa. Hasira yangu ilikuwa imeshaandaliwa kwa ajili ya mtu, tangu jana nimeibeba kama chakula cha mtu, na mtu ndiye huyu amesimama mbele yangu na mikono miekundu hadi kwenye viwiko.

Nyuma ya ukuta wetu majirani walikuwa wanachambua mboga. Nilisikia wamenyamaza ili wasikie.

Kikulacho ki nguoni mwako. Patron alipenda kuisema methali hiyo, na nikamwona akiisema tena siku ya Ijumaa, akitabasamu. Nikawaona watu wa usalama wakimsikiliza mama aliyekulia Goma, mwenye ndugu pande zote mbili, anayevuka mpaka kila siku na kusalimiana na kila mtu, na sasa ametia mafuta ya kupikia kwenye ndege. Angewaambia: ni haya, mnaona, pipa mukavu ni haya. Nani angeandika hilo kwenye karatasi akaliamini?

Na kumwambia yeye peke yake, kwa siri, nilishindwa pia. Mnapaswa kumjua Masenge. Alikuwa hajui kunyamaza. Ningemwambia jioni, asubuhi angekuwa mlangoni kwa patron na kuku chini ya kwapa, anapiga goti, anaomba msamaha kwa sauti ya kusikika sokoni. Ndivyo alivyokuwa ameishi maisha yake yote: ukikosa, unakwenda, unasema, unasamehewa. Nilikasirika kwamba hakuona dunia imebadilika. Nilikasirika zaidi kwamba dunia ndiyo iliyokuwa na kosa, na siwezi kuipiga teke.

"Patron amesema mapipa irudi mikavu," nikamwambia. Sauti yangu ilitetemeka, akadhani ni woga wa bosi. "Hakuna kutia kitu. Maji hapana, mawese hapana. Yafungwe vizibo, yalale chini ya bati. Na hii yenye ilishapakwa mi naiondoa leo."

"Mikavu?"

"Mikavu."

Akaokota kizibo, akakifuta kwa kanga.

"Patron yako hakulelewa," akasema. Akaingia ndani.

Niliuza mapipa yote yaliyokuwa uani kwa wauza mafuta ya taa, nikatafuta mengine yasiyowahi kuguswa. Nilimwaga mafuta yaliyokuwa kwenye tangi la ndege, nikaosha tangi, nikabadilisha machujio. Mafuta mapya niliyapitisha yote kwenye ngozi, pipa kwa pipa. Kisha nikarudi kwenye nozeli. Sijawahi kuosha kitu maishani mwangu kama nilivyoosha nozeli zile. Nilizipima mbele ya ubao mweusi moja moja, na kila moja ikafungua mwavuli wake, ikakata, ikabaki kavu mdomoni. Rubani alikuja akasimama nyuma yangu wakati nikipima ya mwisho. Alibaki hapo hadi nikamaliza kuzifunga zote, akapanda, akawasha. Mshale ukapanda, ukatulia mahali pake.

Ijumaa patron alikuja bandani.

"Bon. Mtu yuko wapi?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilitumia dawa mbaya ya kuoshea. Ilikuwa inabaki ndani ya nozeli, ikipata moto inaganda. Nimeibadilisha."

Niliona uso wake ukisinyaa. Hakutaka fundi mzembe, alitaka adui. Adui ana heshima yake, mtu anaweza kumsimulia hotelini. Mzembe ni aibu kwa aliyemwajiri. Rubani alikuwa amesimama mlangoni, na aliijua dawa yangu, kwa sababu ndiye aliyeninunulia Kigali, na ilikuwa nzuri. Alinitazama. Nikamtazama vilevile. Akaangalia chini, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimchukie.

"Ulikaribia kuniulia watu," patron akasema.

"Ndiyo."

"Na ulinipigia kelele kwa ajili ya pini."

"Ndiyo."

Nilimeza hiyo nayo. Kati ya vyote nilivyomeza siku ile, pini ndiyo iliyonikwama. Nikamwambia jambo moja tu la mwisho, kwamba mapipa yarudi makavu siku zote na mafuta yachujwe kwa ngozi. Akasema yeye hapokei ushauri wa mtu aliyeunguza injini yake. Uzembe haukuwa kazi ya watu wa usalama, kwa hiyo alinifukuza tu.

Walileta fundi mwingine kutoka Kigali. Na hapa ndipo hasira yangu ilipopata chakula cha miaka. Tangu nilipoondoka, ndege ile haikuugua tena. Mapipa yalikuwa makavu, nozeli zilikuwa safi kwa mikono yangu, tangi lilikuwa safi kwa mikono yangu, na mshale wa joto ulitulia wiki baada ya wiki. Fundi mpya hakuwa na la kufanya zaidi ya kupangusa vumbi na kuota jua. Mji mzima ukaona kwa macho yake. Kwenye baa, sokoni, mbele ya kanisa, walisema: si mnaona? Alikuwa yeye. Kazi bora niliyowahi kufanya ikasimama shahidi dhidi yangu, na nikanyamaza, kwa sababu kuitetea kungekuwa kumtaja mama mnene anayebeba vyuma kichwani.

Masenge aliona haya. Alinitetea kwa majirani, lakini nyumbani alinisema.

"Mi mapipa yangu nilipaka muzuri," aliniambia mezani. "Nilifanya kazi yangu yote. Patron akasema mikavu, nikaacha mikavu. We njo ulishindwa kuosha vidude vidogo tu. Kwa nini, mutoto yangu? Nilikufundisha uvivu, mimi?"

"Hapana, Masenge."

Maharage yalikuwa mekundu tena, kwa sababu mawese sasa yalibaki nyumbani. Nikala. Kila tonge lilikuwa na harufu ya nozeli yangu, na nikamaliza sahani, kwa sababu angeniuliza kwa nini sili.

Nilikaa bila kazi msimu mzima. Nilitengeneza pikipiki za watu, nikatengeneza jenereta moja ya hoteli, nikagombana na wote. Siku moja nilirudi kutoka Rugerero, nje kidogo ya mji, nimelowa mvua, nikakuta sanduku langu la vyuma limetolewa chini ya kitanda. Lilikuwa mezani, liko wazi. Spana zote zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, na zote zinang'aa kwa rangi ya chungwa. Brashi zangu laini, geji yangu, hata kile kistendi cha kupimia: vyote vimepakwa. Mawese yalipenya kwenye mpira wa pampu, yakaulainisha mpaka ukavimba. Kistendi hakikuweza kupima tena.

Masenge alisimama kando ya meza akipangusa mikono.

"Nimekupakia, isishike kutu," akasema. "Iko siku batakuita."

Nilichukua spana moja, ikateleza mkononi, ikaanguka. Niliokota. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikusikia mvua tena.

"Asante, Masenge," nikasema.

Aliipokea vizuri asante hiyo. Akavuta kopo kutoka chini ya meza, kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa mawese hadi mdomoni, na kifuniko amekifunga kwa kamba ili lisimwagike njiani.

"Na hii kesho mi nitapelekea ule fundi mupya wa ndege. Ye ni mugeni hapa, hana mutu wa kumwambia. Mvua hii, vyuma vyake itakuwa inateseka. Nitamwonyesha kupaka, hata ndani ya ile injini."

Ndipo nikapiga kelele. Kwa miezi yote ile sikuwa nimepiga, na sasa ilitoka yote kwa mara moja, haikuwa hata na maneno, hapana, hapana, hapana, nikigonga meza mpaka spana zikacheza. Majirani walinyamaza nyuma ya ukuta. Masenge alirudi nyuma hatua moja na kopo lake kifuani, na nikaona machoni mwake kwamba hatimaye ameelewa kitu. Nikaogopa.

"Ah," akasema polepole. "Njo maana balikufukuza. Hutaki mwenzako apate. Roho yako ni mukavu."

Nikamnyang'anya lile kopo, nikaingia nalo chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa ufunguo.